Gemu haina ‘ningalijua’

Kibanda cha gemu si mahali mtu anapotarajia kukuta mjadala wa uhakiki wa fasihi. Lakini jioni moja pale Ukunda, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Msambweni hadi Lunga Lunga, niliingia katika kimoja kumtafuta kijana wa jirani yangu, na mjadala nikaukuta. Ndani mlikuwa na televisheni nne, viti vya plastiki, na vijana waliobanana wakicheza kandanda ya kwenye skrini kwa kelele za uwanja mzima. Kijana niliyemtafuta hakuwa akicheza. Zamu yake ilikuwa haijafika. Alikuwa ameketi kizingitini akisoma kitabu kinene cha Kiingereza, jalada limechakaa, pembe zimekunjika.

Kitabu chenyewe kilikuwa Assassin’s Creed: Renaissance cha Oliver Bowden, riwaya iliyochapishwa mwaka 2009 kutokana na gemu ya Assassin’s Creed II iliyotoka mwaka huohuo.

“Chasemaje kitabu?” nikamwuliza.

“Hakina kitu, mwalimu. Kimeacha nusu ya gemu. Desmond mwenyewe hayumo! Sasa mtu aandikaje hii stori amtoe Desmond?”

Kwa asiyeijua gemu hiyo, Desmond Miles ni kijana wa zama zetu ambaye, kwa mtambo maalumu, huziishi kumbukumbu za mhenga wake Ezio Auditore wa mji wa Florence, Italia, katika karne ya 15. Riwaya imemwacha Desmond na mtambo wake, ikabaki na Ezio peke yake. Nikautazama ukurasa aliofikia. Alikuwa ameshavuka ukurasa wa mia tatu. Mtu anayesema kitabu hakina kitu, ilhali amekisoma kurasa mia tatu mlangoni mwa kibanda chenye kelele, huyo ana jambo ambalo hajalisema.

Siku chache baadaye nilimsimulia kisa hiki mwalimu mwenzangu wa Msambweni, mtu aliyefundisha fasihi ya Kiswahili miaka mingi. Hakungoja nimalize. “Hiyo si fasihi, ndugu yangu. Hiyo ni bidhaa. Kampuni imeuza gemu, sasa yauza na karatasi zake.”

Basi nikawa na hukumu mbili mkononi. Kijana anakikataa kitabu kwa kuwa hakikufanana na gemu. Mwalimu anakikataa kwa kuwa kimetoka kwenye gemu. Mmoja amekisoma, mwingine hajakigusa, na wote wawili hawakuuliza swali ambalo mhakiki hulianza nalo: kitabu hiki, kikiwa kitabu, kimefanya nini? Ninazichukua hukumu hizi kwa uzito kwa sababu vijana wengi wetu wa Diani, Ukunda na Msambweni wanauingia usomaji kwa mlango huu. Tukiwasubiri mlangoni na mizani mbovu, watageuka na kurudi walikotoka.

Kwanza tulisawazishe neno. Kuitoa kazi katika umbo moja na kuitia katika umbo jingine, wapo wanaokuita utohoaji na wapo wanaokuita uhawilishaji. Mimi nitashika hili la pili, kwa sababu ‘kutohoa’ tayari tumekupa kazi katika isimu: ndiko kulikotupa gemu, skrini na padi, ile ya kushika mikononi. Kuhawilisha ni kuhamisha. Na kila aliyewahi kuhama nyumba anajua kwamba zipo samani zisizopita mlango wa nyumba mpya. Ama uzikate, ama uziache.

Tena si kila riwaya yenye jina la gemu imezaliwa na gemu. Metro 2033 ya Mrusi Dmitry Glukhovsky ilikuwa riwaya kwanza, ikasomwa kwenye intaneti na kisha kuchapishwa mwaka 2005. Gemu ikaja mwaka 2010. Hadithi za The Witcher za Mpolandi Andrzej Sapkowski zilianza kutoka mwaka 1986, na gemu ya kwanza ikafuata mwaka 2007. Hizo hazimo katika shauri letu la leo. Tunazungumzia safari ya upande wa pili, pale ambapo msomaji anakifungua kitabu akiwa ameshakicheza.

Sasa tuitazame mizani ya kijana, mizani ya uaminifu. Si mizani geni. Kila mwaka watahiniwa wetu wa kidato cha nne huwatazama waigizaji wakivileta jukwaani vitabu teule, na wakitoka ukumbini utawasikia: “Wameruka sura nzima!” au “Yule mama kitabuni hakuwa hivyo.” Msomaji aliyeipenda kazi huihesabu vipande vyake kama mtu anayehesabu vyombo baada ya karamu. Ni haki yake. Kwa mchezaji wa gemu haki hiyo ina uzito zaidi, maana yeye hakuitazama hadithi tu. Ameitolea jasho. Ukuta ule aliupanda mwenyewe, mlinzi yule alimsumbua usiku kucha. Ukimwondolea kipande, anahisi umemwondolea kazi ya mikono yake.

Lakini hebu tuubane uaminifu kidogo tuone kama unashika. Gemu ya Resident Evil ya mwaka 1996 inakupa hiari: ucheze ukiwa Chris Redfield au ukiwa Jill Valentine. Ukimchagua huyu, mambo yanakwenda hivi. Ukimchagua yule, yanakwenda vingine. Mwandishi S. D. Perry alipoihawilisha mwaka 1998 katika riwaya ya The Umbrella Conspiracy, alilazimika kuzisuka njia zote mbili ziwe moja. Je, alikuwa mwaminifu? Kwa nani? Aliyecheza kama Jill ana hadithi yake, aliyecheza kama Chris ana yake. Na kila mmoja wao alikufa mara nyingi katika jumba lile kabla ya kulimaliza. Riwaya yenye uaminifu kamili ingemwua mhusika mkuu mara ishirini na kumfufua mara ishirini, na katikati ya vifo hivyo ingemfanya azunguke chumba kimoja nusu saa akitafuta ufunguo. Hakuna mtu angeisoma hiyo, hata kijana wangu wa Ukunda.

Kwa hiyo gemu haina hadithi moja inayoweza kunakiliwa. Ina ulimwengu, ina sheria za ulimwengu huo, na ina njia nyingi za kupita ndani yake. Msomaji anaweza kudai sheria zisivunjwe. Kama katika gemu risasi hazimdhuru jitu fulani, riwaya isilimalize jitu hilo kwa risasi moja kwa sababu mwandishi amechoka. Dai hilo ni halali. Lakini kudai kila kipande cha gemu kiwemo kitabuni ni kudai kitabu kiwe kitu ambacho hata gemu yenyewe si.

Tuje kwa mwalimu mwenzangu. Yeye mizani yake ni asili: kilichotoka sokoni kirudi sokoni. Hapa nina la kumkumbusha, na ninalisema kwa heshima. Tukianza kukataa kazi kwa sababu imehawilishwa kutoka umbo jingine, tutabaki na rafu tupu. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake hutajwa kuwa ya mwaka 1728, uliyachukua masimulizi ya Kiarabu ya vita vya Mtume ukayatia katika mizani ya beti za Kiswahili. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliposhika kalamu mwaka 1913 kuutunga utenzi wa Liongo, hakubuni kisa. Alikichukua midomoni mwa watu. Mwaka 1929 wasomaji wa Kiswahili walipata Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina kutoka Kiingereza, hadithi za kusaka mali zilizopendwa sokoni Uingereza kabla ya kufika kwetu. Na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetoka katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ana mdomoni kiko na kando yake rafiki Najum, mambo ambayo kila aliyesoma visa vya Sherlock Holmes anayatambua. Ni nani leo anayemtoa Bwana Msa katika fasihi ya Kiswahili kwa sababu hiyo? Tunamhukumu kwa Unguja yake, kwa mazungumzo yake, kwa jinsi anavyozifumbua siri za watu wa mashamba. Hatumhukumu kwa pasipoti.

Lakini mwalimu hajakosea kila kitu. Nyingi za riwaya hizi ni dhaifu, na udhaifu wake una sababu. Mwandishi hukodiwa. Ulimwengu si wake, mhusika si wake, na kampuni yenye mali haitamruhusu kumlemaza shujaa ambaye bado ana gemu tatu za kuuza. Jina la Oliver Bowden lenyewe ni la kupanga. Aliyekuwa nyuma ya Renaissance ni mwandishi Mwingereza Anton Gill. Hata hivyo mshairi wa zamani naye alitunga kwa amri ya mfalme au kwa ombi la tajiri. Asili ya kazi inatuambia tutazame wapi kwa makini. Haituambii tutaona nini.

Ikiwa basi uaminifu hautoshi, na asili haitoshi, tuhukumu kwa nini? Nadhani sisi wa pwani jibu tunalo, ila tumelizoea mno hata hatulioni.

Fikiria kisa cha Liongo. Kuanzia Lamu hadi Vanga, ni msikilizaji gani asiyejua kwamba shujaa huyo hafi kwa mkuki wala kwa mshale, ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na kwamba mkono utakaomchoma ni wa damu yake mwenyewe? Hakuna fumbo. Hata hivyo kisa kikisimuliwa, watu hukaa. Bibi akianza ngano kijijini Kinondo au Gazi, wajukuu wanaijua mpaka nyimbo zake, na bado wanaitikia. Msikilizaji wa aina hiyo hamhukumu msimulizi kwa kumwuliza “itakuwaje?” Hilo analijua. Anamhukumu kwa jambo jingine: je, mimi nijuaye mwisho, umenifanya nitamani usiwe vile?

Hapo ndipo mchezaji wa gemu na msikilizaji wa ngano wanapokutana. Wote wawili wanauijua mwisho kabla ya kuanza. Tofauti ni kile walichokuwa nacho mikononi. Msikilizaji hakuwahi kushika kitu. Mchezaji alishika padi, na riwaya imemnyang’anya. Uhawilishaji wa gemu hadi kitabu ni, kabla ya yote, kitendo cha kumnyang’anya mtu padi. Swali la haki la kuuliza ni hili: riwaya imemlipa nini badala yake?

Nami nadhani malipo yenyewe yamo katika sarufi yetu. Tazama kiambishi -ka- cha mfuatano wa matendo. Ezio akapanda ukuta, akamvizia mlinzi, akamchoma, akachukua barua, akarudi. (Mfano ni wangu, si wa Bowden.) Hiyo -ka- ndiyo lugha ya gemu: tendo, kisha tendo, kisha tendo. Mchezaji akikosea, hapati hasara ya kudumu. Hubonyeza kitufe, akarudi pale alipohifadhi mchezo, akajaribu tena. Kwa hiyo gemu, kwa kawaida yake, haina nafasi ya kiambishi kingine tulicho nacho, -ngali-. Ningalijua. Ningalikwenda mapema. Asingalikufa. (Wapo wasemao ‘ningelijua’, leo sina ugomvi nao.) Kiambishi hicho ni cha mtu aliyetenda jambo lisilofutika. Anayeweza kurudia hana haja ya -ngali-. Asiyeweza kurudia hana kingine ila hicho. Gemu ina ‘jaribu tena’, riwaya ina ‘ningalijua’. Riwaya iliyotokana na gemu ikileta mfululizo wa -ka- mtupu, imenyang’anya bila kulipa. Ikileta -ngali- yenye uzito, imelipa, hata ikiwa imemwacha Desmond na ukoo wake wote.

Tuijaribu mizani hii kwa vitabu vyenyewe.

Halo: The Fall of Reach ya Eric Nylund ilitoka mwaka 2001, wiki chache kabla ya gemu yenyewe. Katika gemu unamwendesha askari ndani ya deraya, uso hauonekani, anawapiga maadui wa kutoka anga za mbali. Raha yake ni kupiga. Riwaya inarudi nyuma na kukuonyesha kwamba askari huyo alikuwa mtoto aitwaye John, aliyeibwa kwao akiwa na umri wa miaka sita pamoja na watoto wengine, wote 75, ili serikali iwafanye silaha. Na wazazi wao wakaachiwa nakala zilizotengenezwa maabara, ambazo hazikuishi sana. Mchezaji akirudi kwenye padi baada ya kusoma hayo, risasi ni zilezile, lakini mkono unaozipiga amejua ulitoka wapi. Kitabu hakikurudia gemu hata kidogo. Kimeiongezea deni.

Assassin’s Creed: Forsaken, yenye jina hilohilo la Bowden, mwaka 2012, inafanya jambo la ujanja zaidi. Katika gemu yake, Assassin’s Creed III, sehemu kubwa unacheza ukiwa Connor, na mwisho unamwua Haytham Kenway, adui ambaye pia ni baba yake. Ungedhani riwaya itamfuata Connor. La. Sehemu kubwa ya kitabu ni shajara ya Haytham, yaani ya yule utakayemwua. Mchezaji anasoma mamia ya kurasa kwa sauti ya mtu ambaye mkono wake mwenyewe, kwenye skrini, ulishammaliza. Wapo wachezaji waliolalamika kwamba Connor amepunjwa. Kwa mizani ya uaminifu wana haki. Kwa mizani ya ‘ningalijua’, hiki ndicho kitabu cha Bowden kilicholipa vizuri zaidi.

Mfano wa tatu unatugusa sisi wa safu ya lugha. Gemu ya Kijapani Ico, ya mwaka 2001, ni ya mvulana mwenye pembe anayefungiwa ngomeni kama kafara. Humo anamkuta msichana, Yorda, ambaye lugha yake haielewi. Maneno katika gemu ni machache mno. Wawili hao huelewana kwa kushikana mikono: unabonyeza kitufe, unakishikilia, basi umemshika mkono. Ukikiachia, umemwacha. Miyuki Miyabe, mwandishi wa riwaya anayeheshimika Japani, aliihawilisha mwaka 2004. Kwa mtu wa kalamu hii ni kazi ngumu kuliko zote, maana kile kitufe hakiwezi kuingia kitabuni. Alichofanya Miyabe ni kumpa Yorda historia yake, kumbukumbu zake, mama yake, na hofu ambazo kwenye skrini zilikuwa kimya. Wapo wanaosema kimya kile kilikuwa kizuri zaidi. Huenda. Lakini huo ni mjadala wa fasihi, na umezaliwa na kitabu cha gemu. Ndugu yangu wa Msambweni, umesikia?

Na Renaissance, kitabu cha kijana wetu? Hapa sitakipaka mafuta. Sehemu kubwa yake inakwenda kwa -ka-. Ezio anatumwa, anaua, anapata ukurasa wa hati ya siri, anampelekea Leonardo da Vinci aufumbue, anatumwa tena. Katika gemu mzunguko huo una raha kwa kuwa mikono ina kazi. Katika kitabu, mikono ikiwa mitupu, unageuka orodha ya kazi za shambani. Ningekuwa nasahihisha insha, ningeandika pembeni kwa wino mwekundu: “Alihisi nini?” Nitarudi kwake baadaye, maana kijana alinisahihisha mimi.

Kabla ya hapo, tuirudishe hoja nyumbani, kwa sababu siku si nyingi itakuwa yetu. Wakenya wanatengeneza gemu tayari. Nairobi X ya Black Division Games ilitoka mwaka 2015. Tuseme kesho vijana wa Kwale watengeneze gemu ya Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Kisa kimekamilika chenyewe. Mwaka 1895 mgogoro wa urithi wa utawala kule Takaungu unawaka, Waingereza wanamsimika wamtakaye, Mazrui wanagawanyika, na Mbaruk anaingia vitani. Agosti mwaka huo, ngome yake ya Mwele inaangushwa na kikosi cha Admirali Rawson. Mwaka 1896 Mbaruk na wafuasi wake wanavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, na vita vinakwisha. Katika gemu, kijana wa Ukunda ataitetea Mwele. Mara ya kwanza itaanguka, mara ya tano itaanguka, mara ya kumi na moja atawashinda mabaharia wa Rawson, na kibanda kizima kitapiga kelele. Ni haki yake kushinda. Gemu ndiyo kazi yake.

Lakini riwaya ya Mbaruk haiwezi kushinda. Ikishinda ni uongo. Kazi yake ni kumketisha mzee wa Gazi mwaka 1897, mbele ya bahari ileile, akisema tungalifanya hivi, tungaliwasikiliza wale. Na hapa uaminifu niliouweka kando unarudi kwa mlango mwingine, tena ukiwa na nguvu. Kampuni ya gemu ikilalamika kwamba riwaya imebadilisha mali yake, hilo ni jambo la mawakili. Watu wa Gazi wakilalamika kwamba riwaya imebadilisha kisa cha wazee wao, hilo ni jambo la uhakiki. Watauliza mambo yao. Watu wa Vanga na Wasini katika kitabu hicho wanazungumza Kivumba, au wanazungumza Kiswahili cha taarifa ya habari? Huko Shimoni na Funzi, Kichifundi kimesikika? Wadigo wamo kama watu, au wamo kama mandhari ya nyuma, kama minazi? Lahaja hizi si ngeni kwa wasomi, H. E. Lambert aliziandikia vitabu vidogo, Kivumba mwaka 1957 na Kichifundi mwaka 1958. Mwandishi atakayezipuuza hatakuwa na udhuru. Uaminifu kwa bidhaa ni jambo dogo. Uaminifu kwa wenye kisa ni jambo kubwa, na msomaji anayeupima huo hapaswi kuambiwa ana utoto.

Kwa hiyo mwalimu anayemkuta mwanafunzi na riwaya ya gemu asimnyang’anye. Amwulize maswali matatu. Sheria za ulimwengu ule zimeheshimiwa? Umeonyeshwa nini ambacho padi haikuweza kukuonyesha? Na kuna mahali ulijua litakalotokea, ukatamani lisitokee? Mwanafunzi akiweza kuyajibu hayo kwa ushahidi wa kurasa, amehakiki. Kesho mpe riwaya ya Kiswahili yenye uzito, ataifungulia kwa ufunguo uleule.

Mimi mwenyewe niliyajaribu. Nilirudi Ukunda, kijana akiwa amemaliza kitabu. Sikumwuliza kama ni kizuri. Nilimwuliza: “Ni wapi ulikiweka kitabu chini kidogo?”

Akafikiri. “Pale mwanzo, mwalimu. Baba yake ameshafungwa, amemwambia azipeleke zile karatasi kwa Uberto. Naye Uberto ndiye msaliti. Kwa gemu mimi nilizipeleka tu, nikabonyeza, nikaenda zangu. Hakuna njia nyingine, lazima uzipeleke. Lakini kwa kitabu...” Akanyamaza, akicheka kwa haya kidogo. “Kwa kitabu nilikuwa nishajua babake na nduguze watanyongwa. Nimecheza hiyo gemu mara tatu. Na bado nilikuwa nataka asigonge ule mlango.”

Hapo nikajua kwa nini alivuka ukurasa wa mia tatu. Ezio alizipeleka karatasi kwa mkono wake, kwa utiifu, kwa mtu aliyemwamini, na maisha yake yote yaliyobaki ni ‘ningalijua’ moja ndefu. Bowden aliipata hapo, hata kama baadaye aliipoteza katika orodha ya kazi. Kijana aliipata pia. Alikuwa hana jina la kuiita tu, kwa hiyo alipoulizwa mara ya kwanza alilalamikia Desmond.

“Na cha Kiswahili cha namna hii kiko?” akaniuliza. “Cha hapa kwetu?”

Nilimpa Mzimu wa Watu wa Kale, nikamwambia aanze na huyo mwenye kiko. Cha Mbaruk sikuwa nacho cha kumpa.